UCHANGANUZI: Ramani ya maumivu ipo, dawa ndiyo haimfikii mgonjwa

ZAIDI ya miaka 50 imepita tangu wanasayansi wathibitishe kwamba ubongo una mahali maalumu pa kuipokea mofini. Hata hivyo, maelfu ya wagonjwa wa saratani barani Afrika wangali wanakata roho kwa maumivu ambayo dawa yake inajulikana na wala si ghali.

Mnamo 1973, Candace Pert na msimamizi wake wa masomo, Solomon Snyder, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, walitumia naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini, wakaitia alama ya mnururisho ili waweze kuifuatilia. Iliponasa kwenye tishu za ubongo wa wanyama, walijua wamepata vipokezi. Hizi ni protini zilizo juu ya seli za neva, ambazo huitikia kemikali mahususi jinsi kufuli inavyoitikia ufunguo wake. Mwaka huo huo, watafiti wa New York na wa Uppsala, Uswidi, walifikia matokeo kama hayo.

Swali likazuka: kwa nini ubongo uwe na kufuli ya utomvu wa mmea? Jibu lilitoka Aberdeen, Scotland, mnamo 1975. John Hughes na Hans Kosterlitz waligundua katika ubongo wa nguruwe kemikali walizoziita enkefalini. Hizi ni niuropeptidi, yaani vipande vifupi vya protini ambavyo seli za neva hutumia kupelekeana ujumbe. Kumbe mwili una dawa yake ya maumivu, na mofini ni ufunguo wa kuigiza tu.

Kufikia 1985, vipokezi hivyo vilikuwa vimepigwa picha ndani ya ubongo wa binadamu aliye hai. Ramani iliyopatikana inaeleza mengi. Vimo katika uti wa mgongo, ndiyo maana maumivu hutulia. Vimo katika matumbo, ndiyo maana mgonjwa hufunga choo. Vimo katika njia za ubongo zinazohusika na raha, ndiko uraibu unakoanzia. Aidha, vimo katika shina la ubongo linaloongoza pumzi, na hapo ndipo kipimo kilichozidi huua.

Kwa kuwa tiba na hatari zinapitia mlango mmoja, watafiti wamehangaika kutafuta mlango mwingine. Niuropeptidi iitwayo Dutu P, iliyogunduliwa mnamo 1931, ilitarajiwa kuleta ufumbuzi. Dawa za kuziba vipokezi vyake zilituliza maumivu ya wanyama, lakini zikashindwa kwa binadamu. Mojawapo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani mnamo 2003 kwa kazi tofauti kabisa: kuzuia kutapika kunakosababishwa na dawa za saratani. Mnamo 2018 kulipatikana ufanisi kuhusu kipandauso, pale dawa ya kwanza ya kuziba kipokezi cha niuropeptidi ya CGRP ilipoidhinishwa. Lakini kwa maumivu makali ya saratani, mofini ingali ndiyo nguzo.

Ni wazi basi kwamba anayesubiri dawa isiyo na dosari anamsubirisha mgonjwa asiye na muda. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilibainisha mnamo 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 pekee.

Kinachotajwa mara nyingi kuwa kikwazo ni hofu ya uraibu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, hasa nchini Kenya ambako heroini imewaangamiza vijana wengi wa Pwani. Hata hivyo, heroini hiyo haikutoka katika makabati ya hospitali. Ililetwa na walanguzi. Kumnyima mofini mgonjwa mahututi hakumzuii mlanguzi hata mmoja.

Jirani Uganda imeonyesha njia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mnamo 1993, akaeneza matumizi ya mofini ya maji, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji na kunywewa nyumbani. Mnamo 2004, sheria iliwaruhusu wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa. Serikali huitoa bila malipo.

Somo hapa ni kwamba ujuzi wa maabara haumfikii mgonjwa wenyewe. Huhitaji sheria, bajeti na wahudumu waliofundishwa vipimo. Ramani ya vipokezi imeshaeleza ni kipi cha kuogopwa na jinsi ya kukidhibiti. Naloksoni ile ile ya 1973 leo huokoa waliozidisha kipimo.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaopanga sera wakiwa wazima wanapaswa kukumbuka kwamba kufuli ya maumivu imo ndani ya kila mwili, ukiwemo wao, na siku moja huenda wakauhitaji ufunguo.