Flashi Ikigoma Kusoma, Usikubali Ifomatiwe

Leo tuweke kando viuatilifu vya mikorosho, tuzungumzie kitu kidogo kinachobeba mali ya wengi: flashi.

Siku hizi AMCOS na vikundi vingi hutunza kwenye kompyuta majina ya wanachama, kilo za ufuta na korosho, pamoja na malipo. Flashi inatoka Mbwera kwa boti hadi Nyamisati, kisha inapanda gari hadi Kibiti mjini ili orodha ichapwe. Ikichomekwa, kompyuta inasema lazima ifomatiwe kwanza. Kijana wa stationari anakubali. Mkulima akija kudai kilo zake, hakuna pa kusimamia.

Maoni yangu ni haya: kompyuta kushindwa kuisoma flashi si ushahidi kwamba flashi ni tupu. Ujumbe ule una maana kwamba Windows haikuelewa mpangilio wa mafaili. Huenda flashi ilichomolewa wakati inaandika, au imetumika kwenye mfumo mwingine kama Linux. Wapo wanaosema kufomati ndiyo njia ya haraka. Ni kweli flashi itafanya kazi, lakini flashi nyingine unanunua dukani. Orodha ya wanachama huinunui.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Kataa kufomati. Chomoa flashi, jaribu tundu jingine, kisha kompyuta nyingine. Kwa kompyuta ya mezani, tumia matundu ya nyuma.

2. Kama haionekani kabisa, bonyeza kulia kitufe cha Start, chagua Disk Management. Windows huipa kila diski herufi, kama D au E. Ukiikuta flashi pale haina herufi, bonyeza kulia juu yake uipe herufi isiyotumika. Hilo halifuti faili. Diski nyingine usiziguse.

3. Ukiona njia za mkato badala ya mafaili yako, shuku virusi. Usizibonyeze. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, mtafute fundi.

4. Kama imeshafomatiwa, usiweke kitu kingine ndani yake. Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili, na yaliyomo mara nyingi bado yanaweza kurejeshwa kwa programu maalumu.

Na kabla ya kuchomoa, funga faili, toa flashi kwa amri ya kuitoa salama, ndipo uivute. Kwa wenzetu wa delta, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji. Maji ya chumvi hula vyuma vyake.

Rekodi ni za wanachama wote, si za katibu wala za mwenye kompyuta. Kila kikundi kiweke kanuni: nakala moja kwa katibu, ya pili kwa mweka hazina, na daftari la karatasi liendelee kuandikwa. Na asiwepo mtu wa kufomati flashi ya kikundi bila viongozi kuthibitisha kwamba nakala ya pili inafunguka. Lipelekeni hili kwenye mkutano wenu ujao, kabla mizani ya msimu haijafunguliwa.