Kilimo cha uyoga Pwani: Tusiuziwe pumba

Biashara inayozungumzwa mitaani kwetu siku hizi ni uyoga. Kuanzia Likoni hadi Mtwapa, makundi ya WhatsApp yanapitisha picha za mashada meupe yaliyochomoza kwenye mifuko, na chini yake nambari ya simu na ahadi tatu: mafunzo ya siku moja, mifuko iliyokwisha tayarishwa, na soko lipo. Kina mama wa vyama vya akiba wanaulizana kama watoe fedha. Vijana waliokosa kazi bandarini na mahotelini wanauliza hilo hilo. Pesa zinazotafutwa hapa si za matajiri. Ni za mchezo wa wiki, za vitumbua na mahamri vya alfajiri, na zikipotea hazirudi.

Niseme mapema kwamba siupingi uyoga. Pwani yetu ina joto, ina unyevu na ina mabaki ya mazao tunayoyachoma moto kila msimu. Ninachokipinga ni kuuziwa ufundi wa mahali pengine, wa baridi na wa mitambo, tukaambiwa unafaa uani Kisauni. Elimu yangu ni ya diploma, si bingwa wa kuvu, lakini mambo ya msingi hapa hayahitaji shahada. Yanahitaji kuuliza maswali kabla ya kutoa pochi.

Pumba inaleta nini

Uyoga haupandwi kwenye udongo. Chakula chake ni mabaki ya mimea: mabua ya mpunga, majani makavu ya migomba, mabua ya mahindi, vumbi la mbao. Mabaki haya yana nyuzi ngumu kwa wingi lakini naitrojeni kidogo sana, na naitrojeni ndiyo inayojenga protini. Kwa hiyo wakulima wengi huongeza pumba ya ngano au ya mahindi, wishwa wa mchele, ama mashudu ya pamba, kwa kawaida asilimia 10 hadi 20 ya uzito mkavu. Mchanganyiko ukirutubishwa hivyo, mavuno hupanda. Hilo halina ubishi.

Lakini ukitandaza karamu uani, haji kula mgeni mmoja. Ukungu wa kijani, ambao wataalamu huuita Trichoderma, unaipenda pumba kama uyoga unavyoipenda, na unakimbia zaidi. Mabua matupu unaweza kuyaandaa kwa maji ya nyuzi joto 60 hadi 80 kwa saa moja au mbili. Maadui wengi hufa, na bakteria wanaobaki huwa hawana madhara makubwa. Ukishatia pumba, hesabu inageuka. Sasa ni lazima uue kila kilichomo, na hilo hufanyika kwa nyuzi joto 121 ndani ya chombo cha presha kwa muda wa saa mbili au zaidi. Ukitumia pipa la kawaida, ambalo mvuke wake haupiti nyuzi 100, itabidi moto uwake kwa saa nyingi, mara nyingi zaidi ya nane. Baada ya hapo mbegu itiwe mahali safi pasipo upepo wala vumbi. Kuku wakipita mlangoni, kazi imeharibika.

Hayo ni makaa au kuni za siku nzima. Mama anayenunua makaa kwa mkebe anaelewa maana yake. Nasi tunaoiona mikoko ikikatwa tunaelewa pia kuni hizo zinaweza kutoka wapi.

Hesabu ya mifuko kumi

Tuchukulie mfano. Una mifuko kumi, kila mmoja una kilo moja ya mabua makavu bila pumba. Ukipata gramu 600 za uyoga kwa kila mfuko, umevuna kilo 6. Jirani yako ametia pumba, na kila mfuko wake ukikubali unatoa gramu 850. Yote kumi ikikubali, anavuna kilo 8 na nusu na kukushinda kwa mbali. Sasa mifuko mitatu ikipigwa na ukungu wa kijani, anabaki na saba, na mavuno yake ni kilo 5.95. Amevuna kidogo kuliko wewe, na bado amelipia pumba, makaa na mbegu ya mifuko mitatu aliyoitupa.

Mwenye mtambo mzuri wa mvuke na chumba safi hapotezi mifuko mitatu katika kumi. Kwa huyo pumba ni faida. Kwa anayeanza na pipa na jiko la mafiga, kupoteza mitatu si jambo la ajabu. Matangazo yanakuonyesha gramu 850. Hayakuonyeshi mifuko iliyotupwa jaani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika uyoga daftari linaanza na mifuko iliyoharibika.

Kuna jambo la pili ambalo mafunzo ya siku moja hulipita haraka. Utando mweupe wa uyoga unapokula hutoa joto lake wenyewe, na pumba huzidisha joto hilo. Katikati ya mfuko huwa na moto kuliko hewa ya chumba. Mahali penye baridi hilo halidhuru. Wakati wa kaskazi, chumba cha mabati Mombasa kikiwa na nyuzi joto 32 au zaidi, mfuko mkubwa wenye pumba unaweza kujipika wenyewe hata kama haukuingiliwa na ukungu.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni mwepesi: anza bila pumba. Yako mabua ya mpunga Kwale na Tana Delta, na majani ya migomba yako kila mahali. Katakata vipande vya urefu wa vidole viwili au vitatu, chemsha au loweka, chuja mpaka ukikamua kwa nguvu yatoke matone machache tu. Wako pia wanaoloweka kwa maji ya chokaa usiku mmoja badala ya kuchemsha. Ukali wa chokaa ndio unaoua vijidudu, na hauchomi kuni hata moja. Vaa glavu na ulinde macho. Njia hiyo ni ya mabua matupu, haitoshi kwa mchanganyiko wenye pumba. Machicha ya nazi, ambayo najua yatakutamanisha kwa kuwa ni ya bure, yaache. Kwa joto letu yanachacha kabla uyoga haujafungua macho. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi, tafuta mengine.

Uyoga gani, msimu gani

Uyoga unaoonekana sana kwenye vyakula vya mahoteli ni ule mweupe wa duara kama kifungo. Huo unataka nyuzi joto 15 hadi 18 wakati wa kuzaa. Hapa kwetu, hata Julai yenye upepo wa kusi, hautaipata bila mashine ya baridi na bili ya umeme ya kukutoa jasho. Anayekuuzia mbegu ya uyoga huo Mombasa anakuuzia majuto. Shiitake na aina nyingine za bei ya juu zinazooteshwa kwenye vumbi la mbao lenye pumba nazo nyingi ni za hali ya ubaridi.

Uyoga wa chaza, ule unaojikunja kama sikio, ndio rafiki wa mkulima mdogo, na una aina zinazostahimili joto, ikiwemo ile ya waridi. Huo unafaa kuanzia kusi, tuseme Mei hadi Septemba. Kwa miezi ya kaskazi iko aina inayooteshwa Asia kwenye mabua ya mpunga, jina lake la kitaalamu ni Volvariella, ambayo hupenda nyuzi joto 28 hadi 35. Hali ya hewa ambayo wengine huilipia mitambo, sisi tumepewa na Mola bure. Uyoga huo hustawi pia kwenye mabaki ya pamba, na Lamu inalima pamba. Tatizo lake ni kwamba haukai: ukiuweka kwenye friji huoza haraka badala ya kuhifadhika. Ni wa kuuzwa asubuhi uliyouvuna.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewahi kuchapisha utafiti wa kuotesha uyoga wa asili, Volvariella ukiwemo, kwenye mabaki ya mkonge. Nasi tuna mashamba ya mkonge Vipingo. Utafiti wa namna hiyo uko hatua chache kutoka kwetu, si Ulaya.

Neno moja la afya. Uyoga wa chaza ukikomaa humwaga unga mwembamba wa mbegu hewani, na unga huo hudhuru mapafu ya anayeuvuta kila siku. Usiuoteshe chumba cha kulala, hasa nyumba yenye mtoto wa pumu, na uvune kabla ukingo wake haujanyooka. Nao wanaosema uyoga una protini kuliko nyama wanahesabu uyoga mkavu. Mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90, na protini yake ni gramu 3 hivi katika kila gramu 100. Ni kitoweo kizuri, lakini samaki abaki mahali pake.

Soko lipo, la nani?

Tunakumbuka kware wa 2014. Kenya nzima ilifuga kware, mayai yakauzwa kama dawa, na waliopata faida kubwa ni waliouza vifaranga kwa wafugaji wapya. Wapya walipokwisha, bei ikaanguka. Uyoga si kware kwa sababu una walaji wa kweli, lakini tabia ya soko inaweza kuwa ile ile: faida iwe kwenye kuuza mifuko na mafunzo, si kwenye kuuza uyoga.

Pwani tuna makovu yetu pia. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipoanguka 1988, wakulima wa miwa walibaki wakitazamana. Mkulima wa korosho anajua maana ya kungoja mnunuzi apange bei. Uyoga ni mwepesi kuharibika kuliko korosho, kwa hiyo asiye na wanunuzi wawili watatu ni mateka wa mmoja. Tena mahoteli ya Diani na Watamu hupungukiwa na wageni wakati wa masika, na mengine hufunga. Mfuko haujui kama ni msimu wa wageni. Kabla ya kuotesha, jua majirani wangapi watakula uyoga wa nazi Aprili.

Mkufunzi akikwambia atanunua mavuno yako yote, mjibu kwa fikihi tuliyosomeshwa madrasa. Dini yetu ina bai salam: mnunuzi hulipa bei kamili leo, na mali yenye sifa, kipimo na tarehe inayojulikana hukabidhiwa baadaye. Mwambie alipe leo. Akikataa, ahadi yake ni maneno matupu, nawe uipime hivyo. Na kwa mtaji, wengi wetu tunakwepa mikopo ya riba. Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Chama cha akiba kinaweza kufanya mudharaba: kikundi kinatoa mtaji, mkulima anatoa kazi, faida inagawanywa kwa fungu walilokubaliana. Hasara isiyotokana na uzembe inamwangukia mwenye mali. Sharti hilo peke yake litawafanya wanachama waulize maswali mengi kabla ya kununua mifuko mia.

Kazi ya kaunti

Kilimo kimegatuliwa, kwa hivyo swali hili ni la kaunti zetu. Kumpa kila kikundi kibanda na mifuko ya kuanzia hupendeza kwenye picha, lakini mifuko hiyo huisha baada ya mavuno mawili au matatu na kibanda hugeuka stoo. Kinachokwamisha ni vitu viwili: mbegu safi ya karibu, na mvuke. Mbegu ni kiumbe hai. Ikisafirishwa kutoka bara siku mbili kwenye buti la basi lenye joto, inafika imechoka, na mfuko dhaifu hutekwa na ukungu.

Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa na tuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Maabara ndogo ya mbegu inaweza kukaa mahali kama hapo. Pamoja nayo, mtambo mmoja wa mvuke kwa kila eneo, ambapo kikundi kinaleta mifuko na kulipia kwa idadi, kama tunavyopeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Hapo ndipo pumba itakuwa na maana kwa mama wa kawaida, kwa sababu hatachoma kuni za siku nzima wala kucheza kamari na mifuko mitatu katika kumi.

Sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafike bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wasikizwe. Vikao hivyo huitishwa na ukumbi hubaki na viti vitupu, halafu tunalalamika mwaka mzima. Kikundi chochote cha uyoga kinachosoma safu hii kiende na ombi moja lililoandikwa: mbegu na mvuke, si vibanda.

Na kwa dada aliyeshika fedha za chama mkononi akingojea mafunzo ya Jumamosi, muulize mkufunzi mambo manne. Uyoga wako umezaa Pwani, mwezi gani? Katika mifuko yako kumi, ni mingapi iliyoharibika? Mchanganyiko una pumba kiasi gani, na ulipikwa kwa joto gani na saa ngapi? Mwaka jana ulipata zaidi kwa kuuza uyoga au kwa kufundisha? Akijibu yote bila kubabaika, keti usome. Akikasirika, funga mkoba urudi nyumbani, ukaanze na ndoo moja na mabua ya mpunga.