Ugonjwa wa Moyo si Hukumu ya Kitanda

Miongoni mwa maneno yanayotamkwa kwa nia njema na kuleta madhara makubwa katika nyumba zetu za Lamu, Shela, Siyu na Faza ni neno "pumzika". Mtu akirejea kutoka hospitali na habari kwamba moyo wake umedhoofika, jamaa humtandikia kitanda, wakamkataza ngazi, wakamkataza hata kujichotea maji. Huo huitwa upendo. Kwa maoni yangu, ni upendo uliokosa elimu, na sehemu ya kosa imejificha katika lugha.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Basi na nianze na ninalolijua. Kitenzi "kupumzika" kina nasaba moja na "pumzi" na "kupumua". Asili yake si kulala chali, bali ni kuipa pumzi nafasi ya kurejea. Aliyepanda vidato vitano akasimama kidogo, kisha akaendelea, amepumzika kwa maana kamili ya neno. Aliyelazwa mwezi mzima bila ya sababu ya kitabibu amedhoofishwa.

Utabibu wenyewe ulipata kutumbukia katika shimo hilo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mgonjwa aliyepatwa na shambulio la moyo huko Ulaya na Marekani aliweza kulazwa kitandani kwa wiki sita. Mwaka 1952, madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walieleza jinsi walivyowakalisha wagonjwa wao kitini mapema, na mawazo yakaanza kugeuka. Mwaka uliofuata, Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva, waliokaa kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko makondakta, waliopanda na kushuka ngazi. Wakazi wa kisiwa cha Lamu, ambao kwa karne nyingi wametembea kwa miguu na sasa wameanza kuizoea pikipiki, wana haja ya kulitafakari jambo hilo.

Neno la pili linalotupotosha ni "tiba ya viungo". Likitajwa, wengi huufikiria mguu uliovunjika, mgongo unaouma au mtu aliyepooza. Wengine hulichanganya na kukandwa kwa mafuta. Moyo hauingii katika hesabu. Lakini moyo ni msuli, na mzigo wake hutegemea hali ya misuli mingine. Misuli ya miguu ikizoezwa, huitumia vyema zaidi oksijeni inayoletwa na damu, hivyo moyo hauhitaji kupiga kwa kasi ileile ili kazi ileile itendeke. Aidha, mazoezi ya kudumu husaidia kuteremsha shinikizo la damu, ambalo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulilikuta kwa takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Kenya.

Sasa tuitazame ramani. Hospitali ya King Fahd, iliyo kuu katika kaunti, iko mjini Lamu. Mkazi wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hana budi kuvuka bahari ili aifikie. Kumwambia mgonjwa wa moyo avuke mara tatu kwa wiki kwa ajili ya mazoezi ya nusu saa ni sawa na kumwambia asiyafanye. Ndiyo maana tiba ya viungo ya nyumbani ina uzito wa pekee kwetu. Wala si tiba hafifu ya maskini: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane umeonyesha kwamba, kwa wagonjwa wanaofaa, mpango wa nyumbani hukaribiana kwa manufaa na ule wa kituoni.

Mpango wenyewe hauhitaji mashine. Mtaalamu humpima mgonjwa kwanza, akampangia kiasi chake. Pengine ataanza kwa kuinuka kitini na kuketi mara chache, kisha kuzunguka kiwanda, kwa ile maana ya Kiamu ya ua wa ndani ya nyumba, halafu ngazi, na baadaye, akiwa mjini Lamu, njia ya pwani kwenda Shela, yapata kilomita 3. Kipimo ni rahisi: aweze kuzungumza huku akitembea, lakini asiweze kuimba. Dawa haziachwi. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, asimame mara moja na apelekwe kwa daktari.

Swali ni nani atakayeufikisha mpango huo mlangoni. Afya imekuwa jukumu la kaunti tangu mwaka 2013. Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba iliyo na vipimo vya shinikizo la damu. Hao hupita nyumba kwa nyumba. Kupima presha ya mtu kisha kumwacha kitandani ni kuifanya nusu ya kazi. Kaunti ya Lamu haina budi kuwapangia wataalamu wa tiba ya viungo siku maalumu za kuzuru visiwa kwa mashua, ili wawafunze wahamasishaji na jamaa za wagonjwa namna ya kuendeleza mazoezi baina ya ziara na ziara.

Nanyi walimu na wanafunzi mna sehemu yenu. Karatasi ya maelezo iliyoandikwa kwa Kiingereza haimfai bibi wa Siyu. Wanafunzi wa Kiswahili na wa sayansi wakae pamoja, waifasiri kwa Kiswahili chepesi, waisome kwa Kiamu na kwa Kibajuni mbele ya wazee, na mtaalamu aikague kabla ya kutumika.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Tumezoea kuwalaza wagonjwa wetu, na kuiacha desturi hiyo kutakuwa na taabu yake. Hata hivyo, "mazoezi" nayo yametokana na "kuzoeza". Mwili uliozoezwa kitanda waweza, kwa hatua chache kila siku na kwa uangalizi wa mjuzi, kuzoezwa kutembea tena.