Adabu ya Kuazima

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Moja husema ya kale ni dhahabu. Nyingine husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi wapenzi wa ushairi wa Kiswahili tumekuwa tukirushiana methali hizo tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, na mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko haujapoa hadi leo. Naomba tutoke kidogo ukumbini mwetu, tukawasikilize Wafaransa wawili wasiohusika kabisa na ugomvi huu, ila kazi yao ina jambo la kutufunza.

Hao ni Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo, walioanzisha kundi la Daft Punk jijini Paris mwaka 1993 na kutangaza kuachana mwaka 2021. Muziki wao ni wa mitambo: vinanda vya umeme, ngoma za mashine, na sauti ya binadamu iliyogeuzwa ikawa kama ya roboti. Nyuso zao wenyewe walizificha ndani ya kofia za maroboti. Mtu awaonaye kwa mara ya kwanza hudhani hawadaiwi chochote na jana. Kumbe mizizi yao imo katika disko ya miaka ya 1970.

Namna yao ya kuazima ilikomaa kadiri walivyokomaa wao. Katika albamu ya Discovery ya mwaka 2001, wimbo wa "Harder, Better, Faster, Stronger" umejengwa juu ya kipande kilichokatwa kutoka "Cola Bottle Baby", wimbo wa Edwin Birdsong wa mwaka 1979. Huo nao ni ufundi, wala siudharau. Hata malenga huuchukua mshororo wa mwenzake akaufanya kibwagizo. Lakini katika Random Access Memories ya mwaka 2013 walifanya jambo zito zaidi: waliwaendea wenye fani. Nile Rodgers wa kundi la Chic alipiga gitaa, Nathan East akapiga besi, Omar Hakim na John Robinson wakapiga ngoma kwa mikono yao. Giorgio Moroder, mmoja wa waliotengeneza "I Feel Love" ya Donna Summer mwaka 1977, aliombwa aketi asimulie maisha yake, naye umri wake ulikwisha kuvuka miaka 70.

Moroder amesimulia kwamba alipoingia studio alikuta maikrofoni kadhaa za nyakati mbalimbali, kila moja kwa ajili ya zama atakazozisimulia. Alipouliza ni nani atakayeitambua tofauti, fundi alimjibu kwamba hakuna, isipokuwa wale wawili wenyewe.

Kisa hicho kimenisuta. Nilipokuwa nikifundisha sekondari, mwanafunzi mmoja aliniletea utungo kuhusu safari ya daladala. Nilihesabu mizani, nikakuta hakuna mshororo uliotimiza 16. Niliandika kwa wino mwekundu: "Si shairi." Miaka mingi baadaye nilitambua kwamba kijana yule aliandika kwa mapigo ya muziki uliokuwa ukivuma ndani ya gari, na kwamba mapigo yake yalilingana mwanzo hadi mwisho. Mimi nilihesabu silabi, sikuyasikiliza mapigo. Hakuniletea utungo mwingine.

Hata hivyo, sitaki kosa langu liwe kisingizio cha kuitupa arudhi. Disko nayo ina arudhi yake: ngoma kubwa hupiga mara nne zilizo sawa katika kila kipimo, na miguu ya mchezaji hulitegemea pigo hilo. Daft Punk walibadili ala, wakabadili sauti, wakabadili hata sura zao. Pigo lile hawakuliacha, kwa kuwa walijua kazi yake. Waliyoyabadili waliyabadili kwa ujuzi. Kosa langu kwa mwanafunzi yule lilikuwa la pande mbili: sikuusikia upya wake, wala sikumfundisha ya kale ili achague mwenyewe.

Kwa hiyo nasema na pande zote mbili. Ninyi vijana mnaotunga mashairi huru, waendeeni wazee wenye bahari za ushairi vifuani mwao wangali hai. Ketini, ulizeni, kisha watajeni kwa majina katika kazi zenu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini aliyekaa na fundi akajifunza kushona hana haja ya kuazima tena. Nasi wazee tufanye kama Moroder: tunapoitwa mbele ya maikrofoni ya vijana, twende, tuseme tunayoyajua, kisha tuwaachie muziki waupange wao.

Iwapo mwanafunzi wangu yule anasoma haya, namwomba radhi. Na kama utungo ule bado anao, ningependa kuusikia akiusoma kwa sauti.