Mbegu Njema na Chavua ya Jirani

Wahenga walisema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Msemo huo ni wa kweli kwa migomba ya Mbarara na Isingiro, kwani chipukizi hurithi kila kitu kutoka kwa mama yake peke yake. Kwa sehemu kubwa ni wa kweli pia kwa maharagwe, ambayo maua yake hujichavusha yenyewe. Lakini mahindi yana desturi nyingine. Gunzi moja lina mama mmoja na baba wengi, na baba hao mara nyingi wamo katika shamba la mtu mwingine.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa jamaa wanaolima mahindi meupe ya Longe 5, mbegu iliyotolewa kwa wakulima wa Uganda mwaka 2000. Wengi huyaita Nalongo, yaani mama wa mapacha. Mahindi hayo yana laisini na triptofani karibu mara mbili ya mahindi ya kawaida. Hizo ni sehemu za protini ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzitengeneza, na mtoto aliyeachishwa ziwa, ambaye chakula chake kikubwa ni uji, huzihitaji sana ili akue.

Ili kufahamu jinsi sifa hiyo inavyopotea, yafaa kumkumbuka Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, ambaye mwaka 1866 alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere. Alichanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi; watoto wote wakatoka mviringo. Watoto hao walipojichavusha, wajukuu 5,474 walikuwa mviringo na 1,850 wakawa na makunyanzi, yaani karibu watatu kwa mmoja. Mendel akatambua kwamba kila sifa huletwa na vitu viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Leo vitu hivyo huitwa jeni. Jeni moja huweza kutawala na nyingine kujificha, na iliyojificha haionekani mpaka zikutane mbili za namna moja.

Ubora wa Nalongo umo katika jeni ijifichayo. Upepo ukileta chavua kutoka mbelewele za mahindi ya kawaida ya jirani, punje iliyoipokea hupoteza ubora wake msimu ule ule. Kwa macho haitofautiani na wenzake. Punje za namna hiyo zikipandwa zenyewe na kuchavushana, ni robo tu ya mavuno itakayorudia ubora wa awali. Hivyo mama aweza kuamini kwamba anawapikia wanawe uji wa Nalongo, kumbe limebaki jina.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale viwanja ni vidogo na vimepakana, kama zilivyo bustani nyingi za jamaa za askari. Mwenye kiwanja hicho hawezi kulitenga shamba lake mita 300 na la mwenzake. Dawa ya kwanza, basi, ni mapatano: majirani wapande mbegu moja. Wasipopatana, mmoja apande wiki tatu au nne kabla au baada ya mwingine, ili maua yasikutane. Wakati wa kuchagua mbegu, yachukuliwe magunzi ya katikati ya shamba, kwa maana ya pembeni ndiyo yapokeayo chavua ngeni zaidi. Na baada ya misimu michache, inunuliwe mbegu mpya iliyothibitishwa.

Mkulima hujivunia mbegu aliyoichagua kwa mkono wake. Hata hivyo, nusu ya urithi wa mahindi hupita hewani, juu ya mpaka wa shamba. Anayejali uji wa mtoto wake hana budi kwanza kuzungumza na jirani yake, kabla mvua hazijaanza.