Maji yakichafuka, furu jike hamtambui mwenzi wake

Ukinunua sato au sangara sokoni Masumbwe, huenda ametoka Ziwa Victoria. Samaki mwenzao mdogo, furu, hatajwi sana. Lakini yeye anatuonyesha kwamba aina ya samaki inaweza kupotea hata bila kuvuliwa.

Ziwa hilo lilikuwa na takribani aina 500 za furu. Nyingi zilitoweka miaka ya 1980, sangara waliopandikizwa ziwani walipoongezeka na kuwala. Hata hivyo, sangara si sababu pekee.

Jike huchagua kwa rangi

Wakati wa kuzaliana, furu jike hutazama rangi ya dume kabla ya kumkubali. Chukua aina mbili zinazoishi kwenye miamba ya visiwa vya upande wa Mwanza. Dume wa aina moja ni wa buluu. Wa pili ni mwekundu mgongoni, na wanasayansi wamempa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei.

Mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walieleza kinachotokea maji yakichafuka. Katika mwanga wa kawaida, majike walichagua madume wa aina yao. Mwanga ulipobadilishwa hadi nyekundu na buluu zisitofautike, walimkubali yeyote. Watoto wa mchanganyiko huo nao huzaa, hivyo aina mbili hugeuka moja.

Ziwani ni hivyo hivyo. Kisiwa cha Makobe, penye maji maangavu, wekundu na wa buluu wangali mbalimbali. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza penye maji mazito, wamechanganyika.

Uchafu unatoka wapi?

Mvua husomba udongo na mbolea kutoka mashambani na palipokatwa miti. Miji nayo humwaga maji taka. Rutuba hiyo hustawisha mwani, maji huwa ya kijani na mwanga haupenyi.

Kwa nini tujali?

Kila aina ilikuwa na kazi yake. Wapo furu wanaokula mwani, na wapo wanaokula konokono, viumbe ambao baadhi yao hueneza kichocho. Uvuvi ukizidi, ziwa linaweza kufungwa kwa muda na samaki wakaongezeka. Lakini aina mbili zikishachanganyika, kufunga ziwa hakuzitenganishi tena.

Ndiyo maana kinga inaanzia shambani: matuta ya kuzuia mmomonyoko, na kutolima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kama Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inavyotaka.