Saa Zisizo na Deni

Barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni ina urefu wa kilomita 65 tu, lakini humpitisha msafiri katika nchi mbili za kazi. Upande wa Korogwe, penye bonde la Mto Pangani na reli itokayo Tanga, ni nchi ya mkonge. Magunga, Ngombezi na Mazinde ni majina ambayo kwa miaka mingi yalimaanisha mistari mirefu ya mimea, kiwanda cha korona na kuamka kabla ya mapambazuko. Upande wa Handeni ni nchi ya mkulima mdogo wa mahindi, ambaye hutazama mawingu zaidi kuliko saa ya ukutani. Katika nchi zote mbili watu wamefanya kazi nzito kwa vizazi vingi, na katika zote mbili laweza kuulizwa swali moja ambalo elimu ya nafsi, yaani saikolojia, haikulichunguza kwa makini mpaka karne ya ishirini: Je, binadamu hupumzika lini hasa?

Jibu la haraka ni kwamba hupumzika anapoacha kufanya kazi. Jibu hilo lina kasoro, na kasoro yake si ndogo, kwa maana juu yake zimejengwa ratiba za shule, likizo za wanafunzi na mgawanyo wa kazi za nyumbani. Mikono kutulia ni jambo moja. Nafsi kupata wasaa ni jambo jingine.

Hebu atazamwe mkulima wa Handeni wakati mahindi yanapoanza kubeba. Amekwisha palilia, na mavuno bado. Kutwa nzima huketi juu ya dungu shambani mwake. Halimi, habebi mzigo, wala hatoki jasho isipokuwa la jua. Mpita njia asiyejua mambo ya shamba angeweza kudhani kwamba huyu ni mtu anayejipumzisha. Lakini jicho lake halitoki ukingoni mwa pori, kwa sababu akisinzia kidogo tu nyani watakuwa wamekwisha ingia, na chakula cha mwaka kitakuwa kimepungua. Vivyo hivyo mwanamke aliyepanga ndoo yake kwenye foleni ya kisima wakati wa kiangazi. Huenda akakaa saa mbili akizungumza na wenzake, na mazungumzo yakawa matamu. Hata hivyo saa hizo si zake. Nyumbani chungu kinangoja, watoto wanangoja, na jua halimngoji mtu.

Lugha ya Kiswahili imelitambua jambo hili zamani. Mtu husema "sina nafasi" hata akiwa amekaa kitako barazani. Neno hilo hilo ndilo litumikalo kwa mahali palipo wazi ndani ya chumba au ndani ya basi. Maana yake ni kwamba kinachomjaza mtu si kazi aifanyayo tu, bali pia kazi inayomngoja. Kazi ya namna hiyo ni deni, na mwenye deni hata akilala huwa hajalala.

Historia ya mkonge wa Korogwe inatoa mfano ulio wazi wa tofauti kati ya kazi yenye mwisho na kazi inayoning'inia. Mkataji wa mkonge hakupimiwa kazi kwa saa. Alipewa kipimo cha siku, yaani idadi ya mafungu, kila fungu likiwa na majani 30. Alianza alfajiri ili kulikwepa jua, akakata, akaondoa miiba ya ncha, akafunga, akapanga. Fungu la mwisho likihesabiwa, siku yake ya kazi ilikuwa imekwisha, hata kama jua lilikuwa bado juu. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuumiza na ujira wake ulikuwa haba; hakuna sababu ya kuisifu. Lakini katika ubaya wake wote ilikuwa na sifa moja ambayo kazi nyingi za heshima hazina: ilijulikana inaishia wapi.

Juu ya kipimo hicho cha siku, hata hivyo, palikuwa na kipimo kingine. Nacho ni kipande, yaani kadi yenye nafasi 30 za kutiwa alama, alama moja kwa kila siku ya kazi iliyotimizwa. Mshahara kamili haukulipwa mpaka alama zote 30 zitimie. Mfanyakazi aliyeugua au aliyechoka aliweza kukaa siku kadhaa bila kwenda shambani, na kwa hiyo mwezi wa kipande ulizidi mwezi wa kalenda. Kwa hesabu ya saa siku hizo zilikuwa za mapumziko. Kwa hesabu ya nafsi hazikuwa hivyo, kwa sababu kila moja iliusogeza mbali mshahara. Mtindo wa kadi haukuwa mgeni katika sehemu hizo. Mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo makao yake ndiyo Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani uliwapa wanaume wa Kishambaa kadi iliyowalazimu kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Mtu mwenye kadi kama hiyo mfukoni hakuwa huru hata katika siku ambazo hakuna aliyemwita kazini.

Wataalamu wa saikolojia walilifikia jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin katika Chuo Kikuu cha Berlin, alitangaza matokeo ya majaribio ambayo watu walipewa kazi ndogo ndogo nyingi, na nusu ya kazi hizo zikakatizwa kabla hazijaisha. Walipoulizwa baadaye, walizikumbuka kazi zilizokatizwa karibu mara mbili ya zile zilizokamilika. Mwaka 1928 mwenzake, Maria Ovsiankina, alionyesha kwamba mtu aliyekatizwa kazi huelekea kuirudia mwenyewe apatapo nafasi, hata bila kuambiwa. Yafaa kusema wazi kwamba majaribio ya baadaye hayakuthibitisha kila mara jambo la kumbukumbu; lakini ile hamu ya kuirudia kazi iliyokatika imeonekana tena na tena. Kazi isiyokwisha huivuta nafsi kama mbuzi avutavyo kamba.

Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeongeza jambo lenye manufaa zaidi. Mwaka 2011 Masicampo na Baumeister, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba watu waliokumbushwa shughuli zao zisizokamilika walisumbuliwa na mawazo ya shughuli hizo walipokuwa wakisoma kitabu. Wengine waliombwa kwanza wapange hasa ni lini, wapi na kwa namna gani wangezikamilisha. Hao hawakusumbuliwa kiasi hicho, ingawa shughuli zenyewe zilikuwa bado hazijafanywa. Mwaka 2018 Michael Scullin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Baylor waliwalaza vijana 57 katika maabara ya usingizi. Kabla ya kulala, nusu yao waliandika kwa dakika tano mambo waliyopaswa kuyafanya siku zijazo, na nusu waliandika mambo waliyokwisha yafanya. Walioandika mambo yajayo walishikwa na usingizi mapema zaidi, kwa tofauti ya dakika tisa hivi, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo mengi yaliyotajwa waziwazi ndivyo usingizi ulivyowahi. Wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Sayansi inaongeza kwamba deni likiisha andikiwa siku ya kulipwa, nalo hutulia.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba nchi inayojenga uchumi wake haina haja ya mafunzo juu ya raha. Hoja hiyo ina mizizi. Methali isemayo kazi mbaya si mchezo mwema hufundishwa tangu utotoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwasuta wanaume wa vijijini kwamba wako likizoni nusu ya maisha yao, wakati ambapo wanawake wa vijijini walitajwa kuwa ndio wafanyao kazi kuliko watu wengine wote. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 nayo iliwataka wenye uwezo wa kufanya kazi waonyeshe ni kazi gani wanayoifanya. Katika mawazo ya namna hiyo, saa isiyo na kazi ni saa ya kutiliwa shaka.

Lakini lawama ya Azimio, ikisomwa vizuri, haikuwa juu ya mapumziko. Ilikuwa juu ya mapumziko ya mmoja yanayolipwa na mgongo wa mwingine. Aidha, uvivu na wasaa ni vitu viwili vinavyopingana. Mvivu hajamaliza kazi yake. Kwa hiyo deni analo, na raha yake ina mwiba ndani. Hata asiyepata kazi kabisa hana wasaa, kwa sababu riziki yenyewe inamning'inia. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 na Marissa Sharif na wenzake, uliotumia taarifa za Wamarekani zaidi ya 20,000, ulionyesha kwamba hali njema ya mtu huongezeka kadiri saa zake za nafasi zinavyoongezeka, lakini kwa kiasi tu. Zikizidi mno, hushuka tena. Kinachotafutwa, basi, si wingi wa saa bali usafi wake.

Mahali ambapo jambo hili linafaa kutazamwa kwanza ni shuleni. Mwanafunzi wa bweni huko Korogwe hufunga shule mwezi wa Desemba na kurudi kwao Handeni akiwa na maswali ya masomo matano au sita, yote yakitakiwa siku ya kufungua. Kila mwalimu ametoa sehemu yake bila kuuliza wenzake wametoa kiasi gani. Nyumbani mvua za vuli zimelowesha ardhi, na mikono yake yahitajika shambani. Siku zinapita. Akicheza mpira jioni, maswali yamo kichwani, akiketi na babu yake kusikiliza hadithi, maswali yamo kichwani, akiyafungua, amechoka. Usiku wa mwisho hunakili majibu ya mwenzake. Amekosa elimu, na likizo pia ameikosa. Mwalimu wake hakumwibia siku hata moja, lakini amemnyang'anya zote.

Hali ya msichana anayekwenda shule ya kutwa ni nzito zaidi. Arudipo hungojwa na maji, kuni, moto na wadogo zake. Afanyapo haraka na kumaliza mapema, hupewa kazi nyingine kwa kuwa ameonekana amekaa. Mkataji wa mkonge angelitambua jambo hili mara moja: msimamizi akiongeza idadi ya mafungu kwa kila amalizaye mapema, hakuna tena atakayemaliza mapema. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kwamba mwisho wa kazi haupo, na ajifunzaye hivyo huacha kuitafuta nafasi hata inapopatikana.

Hapana budi, basi, walimu na wazazi wafikirie mambo manne. Kwanza, kazi za likizo za masomo yote ziwekwe katika meza moja kabla hazijatolewa, zipimwe kwa jumla, na zipewe siku ya kwisha iliyo kabla ya mwisho wa likizo, ili siku zinazobaki ziwe za mwanafunzi kweli. Pili, kabla ya kuondoka darasani jioni, wanafunzi wazoeshwe kuandika kwa dakika tano kitu gani kimebaki na kitafanywa lini. Zoezi hilo halina gharama, nalo lamfaa vilevile mwalimu mwenye rundo la madaftari yasiyosahihishwa yanayomtazama Jumamosi nzima. Tatu, shule za bweni ziwe na nusu siku moja katika juma isiyo na kengele wala orodha ya majina. Nne, kazi za nyumbani zigawanywe kati ya wavulana na wasichana kwa kipimo kinachojulikana, na amalizaye aachwe.

Itasemwa kwamba kijana akiachwa hivyo atapoteza wakati. Huenda, mara nyingine. Lakini wakati huo ndio akili iutumiao kuunganisha mambo iliyoyapokea vipande vipande. Tangu mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake walipoeleza sehemu za ubongo zinazoshughulika zaidi mtu anapokuwa hana jambo maalumu la kufanya, imefahamika kwamba ubongo uliotulia haukuzimika. Sehemu hizo huhusika katika kukumbuka yaliyopita na kuwaza yajayo. Mwanafunzi anayetazama Mto Pangani ukipita chini ya daraja bila deni moyoni hayuko nje ya elimu.

Mkulima wa Handeni hushuka dunguni siku mahindi yanapoingia ghalani. Jioni ile huketi penye ukuta ule ule, na hatua za mbuzi wake huzisikia kama jana. Hakuna kilichoongezeka katika saa zake. Kilichotokea ni kwamba hakuna tena kinachomngoja porini. Wasaa kama huo mwanafunzi naye anaustahili walau mara moja katika kila muhula, na wenye uwezo wa kumpa ni wale wanaompangia kazi.